Maharage Yaliyoota Gizani

Kama kuna kitu Mama Chupa alikuwa hataki kukiona karibu na kompyuta yake, ni kikombe cha chai. Chai yenyewe alikuwa anaipenda sana. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wa Mama Chupa alikuja na sukari vijiko viwili.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa muosha chupa katika maabara ya zahanati. Kutwa amesimama kwenye karo, brashi nyembamba mkononi, anasugua vichupa vya watu waliopimwa hiki na kile, anavisuuza, anavipindua kwenye rafu ya waya vichuruzike. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na meza ndefu, na kwenye meza viti virefu, na kwenye viti mafundi wa maabara waliokaa kama wafalme, jicho moja kwenye hadubini. Mama Chupa alikuwa anakitamani kiti kimoja pale. Na mkuu wa maabara alikwisha kumwambia: "Wewe lete cheti cha sayansi tu. Kiti kile cha dirishani kinakungoja."

Basi akajiandikisha kozi ya sayansi ya mtandaoni. Akasoma kwa jasho, siku ya mtihani ikafika. Mtihani wenyewe ulifanyiwa nyumbani, kamera ya kompyuta inakutazama usoni, na masharti yalikuwa mafupi: chumbani usiwe na mtu mwingine, sura ya pili isionekane, sauti ya pili isisikike.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mama mkwe. Mtaa mzima ukimwita Bi Mkubwa, na si kwa sababu ya unene. Kuhusu yale masharti aliambiwa. Aliambiwa mara mbili. Ila aliona ni upuuzi, maana nyumba aijenge mwanawe halafu yeye azuiwe kuingia chumbani na dude lisilo na miguu? Katikati ya mtihani akausukuma mlango kwa kisigino, kikombe mkononi, akasema kwa sauti ya upendo mkubwa: "Mwanangu, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Hilo jibu litatoka wapi?"

Kompyuta ikaona sura mbili. Ikasikia neno "jibu". Ikaufunga mtihani palepale, na Mama Chupa akabaki anatazama kioo cheusi chenye picha yake na ya mama mkwe wake wakiwa wamekodoa macho.

Chuo kilisema: amefeli, lakini ana nafasi moja ya kurudia. Akishindwa tena, anaondolewa moja kwa moja. Kwa maneno mengine, akishindwa tena, karo ndiyo maisha yake, na kiti cha dirishani wakae wengine.

Bi Mkubwa hakusema pole.  Chai haikuletwa tena chumbani, na kila Mama Chupa alipofungua kompyuta, mama wa watu alikuwa anatoka nje kwenye bustani yake ya mboga, nyuma ya nyumba, anakaa huko mpaka kompyuta ifungwe. Mama Chupa akafikiri amemkasirikia. Na mkwe akikasirika unamwacha apoe, hukimbilii kumpuliza.

Mwaka wa kurudia ukaja na mhadhiri mpya, mama mmoja mkimya. Wanafunzi walimpa jina la Darubini kwa sababu ya miwani yake minene na tabia yake ya kuona mambo ya mbali. Kazi yake kubwa, iliyobeba nusu ya alama zote badala ya ule mtihani wa kamera, ilikuwa jaribio la kufanyia nyumbani. Kila mwanafunzi alitumiwa pakiti mbili za maharage. Pakiti ya kwanza yaoteshwe kwenye pamba mbichi dirishani, pakiti ya pili yaoteshwe vilevile ndani ya kabati, gizani. Kila siku upime urefu, uhesabu majani, uandike rangi. Mwisho utume jedwali na ripoti. Hakutaka picha, hakutaka kamera. "Nawaamini," aliandika Darubini, na hapo mtu mwenye akili angejiuliza mara mbili.

Mama Chupa akaosha chupa za jamu mpaka zikang'aa, kuosha chupa si ndiyo fani yake. Nyingine akazipanga dirishani, nyingine akaziingiza kwenye kabati la vyombo baada ya kuhamisha sahani. Akatangaza mezani: "Jamani, kabati hili lisiguswe. Hili ndilo limeshika roho yangu. Maharage haya yakiniangusha, mimi basi tena."

"Sisi tule kwenye viganja?" akauliza mumewe. Alikuwa fundi wa majokofu, na mzaha kwake haukuisha kama vile jokofu bovu lisivyoisha kutoa maji.

Bi Mkubwa alikuwa anatafuna polepole. Alilitazama kabati, akamtazama mkwewe, akaendelea kutafuna.

Maharage ya dirishani yakaota vizuri, ya kijani, kama mtoto aliyelishwa. Ya kabatini yakalala. Kila jioni Mama Chupa akitoka kazini anafungua kabati, anachungulia, hakuna kitu. Akaandika: hakuna. Kesho yake akaandika tena: hakuna. Akalalamika jikoni kwa sauti bila kumwambia mtu maalumu: "Ya wenzangu yote yameota, yangu yamekufa. Mwaka huu tena nimekwisha!"

Wiki moja baadaye, akafungua kabati akapiga ukelele. Yameota! Tena si kuota kwa kubabaisha. Miche imesimama wima, shina nene, majani mawili mawili mapana, kijani kibichi cha kung'aa.

Furaha ikamjaa. Halafu ikamtoka polepole, kwa sababu kitabu alikuwa amekisoma. Kitabu kilisema mche ukikaa gizani unarefuka kama kamba, unapauka, majani yake yana rangi ya njano ya mgonjwa. Hii yake ilikuwa na afya kuliko ya dirishani.

Akaanza kumtafuta mchawi. Akaziba tundu la ufunguo kwa gundi ya karatasi. Akasokomeza matambara chini ya mlango wa kabati. Mwisho akaona dawa ni kuingia mwenyewe, akakitia kichwa na mabega ndani, akauvuta mlango kadiri ulivyovutika, akatulia atazame mwanga unapenyea wapi. Mumewe akamkuta hivyo, nusu mke nusu kabati.

"Mama watoto, na wewe unataka kuota?"

"Nyamaza! Umenipotezea giza."

Hakukuwa na mwanga. Giza lilikuwa giza kweli. Na miche ikazidi kunawiri. Basi nini kikamwingia kichwani? Si hofu, la. Kiburi! Kilianza kidogo kidogo, alipokuwa kwenye karo anasuuza. Labda kitabu kimekosea. Labda hakuna mtu duniani aliyewahi kuliangalia haragwe kwa makini. Labda ni yeye, muosha chupa, aliyechaguliwa kugundua. Akajiona amesimama ukumbini, watu wanapiga makofi, mkuu wa maabara anafuta kiti cha dirishani kwa kitambaa.

Ndoto hiyo ilikatishwa na Kiranja. Kiranja alikuwa kiongozi wa darasa, kijana wa maneno matamu, na siku chache kabla ya kutuma ripoti aliweka kwenye kundi la simu jedwali lililokamilika: urefu, majani, rangi, kila siku imejaa. "Wapendwa, huu ni mfano tu," aliandika. "Badilisheni namba kidogo kidogo, msifanane kama sare za shule." Wapendwa wakashukuru, wakapiga vigelegele, wakatuma mioyo.

Mama Chupa akaandika kwamba maharage yake ya gizani ni ya kijani.

 Halafu Kiranja akampigia. "Dada yangu, unatafuta nini? Kitabu kinasema njano. Sisi wote tunasema njano. Wewe ukisema kijani unatutilia mchanga kitumbua. Na ukifeli mara hii, si wanakutoa?"

Hilo lilimchoma. Jumapili mchana akakaa mezani, jedwali la Kiranja upande huu, lake upande ule. Akaanza kunakili. Akaandika njano. Akaandika njano. Kwenye njano ya tatu akainuka, akafungua kabati, akaitazama ile miche ya kijani, nayo kama inamtazama. Akarudi akafuta njano zote. Tusimpambe zaidi ya haki yake: nusu ilikuwa dhamira na nusu ilikuwa ile ndoto ya makofi. Lakini aliandika alichokiona. Kijani. Akatuma.

Jibu likaja la kumwita. Darubini anataka kuzungumza naye kwa video, yeye peke yake. Mama Chupa akavaa gauni la kutokea, akajipaka mafuta, akajiandaa kupongezwa.

Darubini alitokea kwenye kioo, miwani imejaa uso. Hakutabasamu.

"Maharage yako ya gizani yaliota?"

"Ndiyo, Daktari. Na yalikuwa kijani. Nadhani nimegundua kitu."

"Umegundua kitu kweli," akasema Darubini. "Mama, ile pakiti ya pili niliichemsha. Niliyachemsha maharage mwenyewe jikoni kwangu, nikayaanika, nikayafunga. Yale yalikuwa yameiva. Nilitaka kuona nani ataniandikia ukweli, kwamba hakuna kilichoota. Darasa zima limeniletea miche ya njano. Sawa, hao nimewaelewa, wamenakili kitabu. Lakini wewe! Wewe maharage yaliyochemshwa yamekuotea gizani, tena na afya! Katika waongo wote mwaka huu, wewe ndiye bingwa."

Mama Chupa alinyakua simu yake. Akaonyesha picha alizopiga, kabati, chupa, miche. "Daktari, naapa, nimeyaona kwa macho yangu."

"Hayo ni maharage mengine."

"Mengine yametoka wapi? Kabati nililiziba mwenyewe!" Machozi yakaanza. "Daktari, ukiniandika mwongo mimi nimekwisha. Sina nafasi ya tatu."

"Basi niambie yaliotaje."

Na yeye mwenyewe hakujua. Darubini akavua miwani, akapumua. "Mama, mimi nitaandika ninachokiona, kama wewe."

Mlango ukasukumwa kwa kisigino.

"Nani anamwita mwanangu mwongo?" Bi Mkubwa alikuwa ameingia, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, na safari hii hakubeba chai. Aliinama mbele ya kompyuta mpaka paji la uso likajaa kioo kizima. "Ni wewe, mama wa miwani? Shikamoo yako siitaki, nina hasira. Hivi wewe, umri wako huo, unampa mtu mbegu za kupanda zilizoiva? Nilizishika mimi! Zilibonyea kama zinangoja chumvi! Zilianza kunuka!"

"Mama," Mama Chupa akanong'ona, "ulizishika lini?"

Hasira ikamshuka Bi Mkubwa ghafla. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akawa anautazama udongo kwenye vidole vyake.

"Ulilia jikoni," akasema. "Ulisema umekwisha. Na mwaka jana ni mimi niliyekumaliza, mimi na kikombe changu. Ulidhani sijui? Nikasema safari hii haanguki nikiwa hai. Nikapanda ya kwangu kwenye kopo kule bustanini. Yalipoota nikayatoa yale maiti, nikayafukia, nikayatia haya kwenye vichupa vyako. Kila ukienda kazini nayatoa juani, jioni kabla hujafika nayarudisha." Akafikicha udongo kwenye vidole. "Kiumbe gani anafungiwa kabatini hajaiba?"

 Upande wa pili Darubini akaanza kucheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikamtoka puani, miwani ikaanguka.

"Bibi," akasema alipopata pumzi, "nilifikiria ujanja wote wa wanafunzi. Wewe sikukufikiria."

"Hukuniuliza," akasema Bi Mkubwa.

Uamuzi wa Darubini ulikuwa huu: kazi nzima inafutwa, darasa zima linarudia, kwa mbegu nzima. Kiranja akavuliwa uongozi, akaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi ambao, wanasema, nao aliunakili mahali. Na safari hii kila siku ipigwe picha, na kwenye picha uonekane mkono wa mwanafunzi na mkono wa shahidi mmoja wa nyumbani. Kwa Mama Chupa, shahidi alitajwa kabisa: Bi Mkubwa.

"Fisi amekabidhiwa bucha," akasema fundi wa majokofu.

Loo, hakumjua mama yake! Bi Mkubwa alipopewa ulinzi, alilinda. Aliweka kigoda mbele ya kabati. Mwanawe alipotaka sahani aliambiwa ale kwenye sufuria. Mama Chupa akichungulia kabla ya wakati, anapigwa kofi la kidole. Na maharage ya kabatini yaliota safari hii, marefu, membamba, ya njano, yanainama kama wagonjwa kwenye foleni. Bi Mkubwa akiyaona anageuza uso. "Masikini ya Mungu," anasema, halafu anafunga mlango mwenyewe.

Sasa, zahanati ikapata siku ya watu wengi mno. Mama Chupa akaosha vichupa mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafika nyumbani akaanguka kitandani na viatu vyake. Asubuhi akakurupuka: jana hakupima! Na kanuni ya Darubini ilisema kila siku iliyoachwa wazi inakatwa alama, na hesabu yake ya alama ilikuwa imebana, haina pa kupumulia.

Akaenda kwenye kabati na rula. "Mama, njoo tupige picha mbili. Moja ya leo, moja ya jana."

"Jana imepita."

"Najua imepita. Juzi nilipima, leo napima, jana ni hapo katikati. Hata mtoto anaijua hiyo. Weka mkono tu."

Bi Mkubwa akaiingiza mikono yote miwili kwapani.

"Mama!"

"Uliyaona jana?"

"Sikuyaona, lakini..."

"Basi andika hukuyaona."

"Mama, nitafeli! Unataka nifie kwenye karo?" Sauti ilimpasuka, na ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti mama mkwe wake. "Mwaka jana uliniponza, mwaka huu pia?"

 Maneno yale yalimuuma Bi Mkubwa, usione uso mkavu. Lakini mikono haikutoka kwapani. "Mwaka jana nilikusaidia bila kuulizwa. Mwaka huu nikakusaidia tena, ukaitwa mwongo mbele yangu, nikasikia ubaridi hapa kifuani. Sina msaada mwingine. Mkono wangu hauendi."

Mama Chupa akasimama na rula yake, analia kwa hasira. Kisha akakaa, na kwenye nafasi ya jana akaandika: Sikupima. Nilichoka, nikalala.

Siku ya matokeo, Darubini alimwita kwa video. Mama Chupa alikaa mbele ya kompyuta, gauni la nyumbani, hana mafuta wala ndoto. Nje ya mlango kulisikika kigoda kinasogezwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa huko, hakuingia.

"Nimekukata alama za ile siku," akasema Darubini. "Kanuni ni kanuni."

"Ndiyo, Daktari."

"Lakini nikuambie jambo. Darasa zima, wengi wao wana watoto, wana kazi, wana homa, umeme unakatika. Na hakuna hata mmoja aliyesahau hata siku moja. Wote, kila siku, mikono miwili miwili, picha safi. Nimeanza kuzitazama zile picha kwa karibu, kuna mikono mingine imevaa saa, na siku tatu tofauti saa inasema saa ileile na dakika ileile." Akarekebisha miwani. "Nafasi tupu niliiona moja tu. Kazi yako niliisahihisha kwa raha. Umefaulu, mama. Kwa kubanwa, lakini umefaulu, na cheti utakipata. Mwambie shahidi wako."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Kule nje kigoda kilianguka. Mama Chupa akafungua mlango, akamkuta Bi Mkubwa amesimama katikati ya ukumbi, kikombe cha chai kimepoa mkononi, amekishika tangu mazungumzo yalipoanza, hajui akipeleke wapi.

"Ingia nacho, mama," akasema Mama Chupa.

Bi Mkubwa akamkabidhi kikombe, lakini hakuingia. Macho yake yalikuwa kwenye kabati.

"Imekwisha kabisa? Hakuna picha nyingine?"

"Imekwisha, mama."

"Basi sasa naruhusiwa?"

Mama Chupa akatikisa kichwa kukubali. Bi Mkubwa akafungua kabati, akazikumbatia zile chupa zote kifuani kwa mara moja, na ile miche ya njano ikimlalia begani, akatoka nayo juani akiiambia poleni, poleni wanangu, mmevumilia.